Siku Korona Ilipopigwa Picha

Mtoto wa kaka yangu, Rajabu, alinijia juzi na simu yake mkononi. "Shangazi, hebu tazama hapa palivyo pazuri." Nikavaa miwani, nikatazama. Ulikuwa ukumbi wa kiwanda kisicho na paa, mti umeota katikati ya sakafu, ukuta umeshika ukungu wa kijani, na jua linaingia ubavuni kama limekodiwa. Yeye na wenzake wana kazi hiyo siku hizi. Wanazunguka na kamera kutafuta viwanda vilivyokufa, wanasubiri jua likae wanavyotaka, wanamwomba mchunga mbuzi asogee asionekane, ndipo wanapiga.

"Pazuri kitu gani?" nikamwuliza.

"Ukimya wake, Shangazi."

Ukimya! Nikamrudishia simu yake kabla sijasema neno ambalo shangazi hapaswi kumwambia mtoto wa kaka yake. Nilipokwenda kukaa barazani, harufu ikanifuata. Najua simu haina harufu. Lakini nilikuwa naisikia puani kabisa, ile harufu chachu ya maganda ya mkonge yaliyolowa, inayokaa kwenye nywele na kwenye shuka na hata kwenye maji ya kunywa. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye kambi za mkonge mnaijua. Vijana wakisikia neno korona wanawaza ugonjwa na barakoa. Kwetu sisi korona ilikuwa ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge yakabaki nyuzi, na jengo lake lote, na king'ora chake, na kila mtu aliyekula kwa sababu yake.

Kambi yetu ilikuwa kati ya Korogwe na Magoma, nyumba za mstari mmoja zilizopakwa chokaa, kila familia chumba na nusu. Baba alitoka kusini, mbali sana, akaletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, akiwa kijana. Alianza kwa kukata mkonge shambani, na hadi mimi nazaliwa alikuwa fundi wa korona, mtu wa kushika grisi na spana. Watu wote walimwita Fundi. Mama alikuwa Mzigua wa Mkata, alikutana na Baba alipokuja kuuza mahindi kambini, na hadi leo sielewi alimpendea nini, maana tangu nilipopata akili nilimkuta amechoka naye.

Uhuru ulinikuta mgongoni mwa Mama. Azimio la Arusha lilinikuta nimeshaanza kusoma, na tuliliimba shuleni kwa sauti kubwa bila kujua tunaimba nini. Shamba la mkonge likawa la umma. Baba alirudi nyumbani siku hiyo akatuambia kwamba korona sasa ni yetu. Nikamwuliza Mama, yetu sisi, au yetu na wale wa chumba cha pili? Mama akasema, "Muulize baba yako, mimi sijaoneshwa ufunguo."

Kisha mkonge ukakosa wanunuzi. Watu wazima walisema Ulaya wamegundua kamba za nailoni, na mimi niliwachukia nailoni nikidhani ni kabila. King'ora kikaanza kulia siku moja na kunyamaza siku mbili, halafu kikanyamaza kabisa. Reli ndogo iliyokuwa ikileta majani kutoka shambani ikaota nyasi. Familia moja moja zikafunga mizigo, zikaenda kwenye vijiji vya ujamaa vilivyokuwa vinaanzishwa kila upande. Waliobaki walikuwa wale wasiokuwa na pa kwenda, na sisi, ambao tulikuwa napo lakini tuna Baba.

Hapo ndipo uchovu wa Mama ulipoanza kuwa na kelele. Kaka yake, Mjomba Hoza, alikuwa amehamia kijiji kipya karibu na Mkata, na alituma salamu mara kwa mara kwamba viwanja vinagawiwa, shamba linapimwa, njooni mapema msije mkapewa mawe. Mama anafunga mizigo. Baba anaifungua, anachukua suruali yake ya kazi, anaivaa, anakwenda zake korona. Kila asubuhi! Kiwanda kimefungwa, hakuna jani hata moja la kuchuna, na mtu amekwenda kupaka grisi. Alifagia popo waliokufa. Alizungusha magurudumu kwa mkono yasigande. Mchana alirudi ana njaa kama mtu aliyefanya kazi ya kweli, na Mama, aliyekuwa ametoka kulima peke yake kipande cha mihogo nyuma ya kambi, alimwekea chakula kwa kishindo.

"Baba Zaina, hiyo mashine imekufa."

"Haijafa. Imesimama."

"Na sisi je? Tumesimama au tumekufa?"

"Subiri kidogo, mama. Wakiifungua na fundi hayupo, watafanyaje?"

Mama alikuwa anasonya hadi kuku wanakimbia. Neno "subiri kidogo" lilitumika nyumbani kwetu kuliko chumvi.

Katika kipindi hicho nikaugua kifua. Nilikohoa hadi Mama akanibeba, mkubwa vile, hadi barabarani kuomba lifti ya kwenda hospitali Korogwe. Huko nikaambiwa nipigwe picha. Niliingizwa chumba cha giza, nikavuliwa gauni, nikakumbatishwa ubao wa baridi, na mtu nisiyemwona akasema kwa ukali, "Vuta pumzi! Ishike! Usipumue!" Kisha daktari akaishika ile picha nyeusi mbele ya dirisha na kumwonesha Mama mbavu zangu, na katikati ya mbavu doa jeupe. "Ugonjwa wenyewe uko hapa," alisema. Nikachomwa sindano siku nyingi kuliko nilivyotaka, nikapona. Kwa hiyo nilijua vizuri kupigwa picha ni nini. Unapigwa picha ukiwa mgonjwa, ugonjwa unaonekana ulipojificha, unatibiwa.

Basi alipofika mjumbe wa baiskeli kutoka ofisi ya shamba akasema kwamba Alhamisi atakuja mpiga picha kuipiga picha korona, mimi sikuwa na swali lolote. Niliwashangaa tu watu wazima kwamba walichelewa vile kuitafutia daktari.

Kambi nzima ilipata wazimu. Yule wa baiskeli alisema jambo hilo moja tu akaondoka, lakini hadi jioni lilikuwa limeshakuwa hadithi ndefu. Wanapiga picha ili waipeleke Dar es Salaam. Wanapiga picha ili wajue wafanyakazi waliobaki ni wangapi. Wanafungua! Mama Asha wa chumba cha pili alisema yeye ameota. Baba alinyoa ndevu, akaifua ile suruali ya kazi na kuianika yeye mwenyewe, jambo ambalo Mama alilitazama kama mtu anayeona mbuzi anasoma gazeti.

Alhamisi asubuhi walifyeka majani yote kuzunguka jengo. Wakafagia. Wakachota maji mtoni, ndoo kwa ndoo, wakaosha sakafu ya ukumbi mkubwa hadi ikang'aa. Baba akaipaka mashine grisi mpya. Kisha wote wakaenda kuoga na kurudi wamevaa nguo za Idi, na wale Wakristo waliotoka Vugiri wamevaa za Krismasi. Mama hakuoga. Alikuja na kanga yake ya shambani na jembe begani, akasimama mlangoni. "Nimekuja kuona mwisho wa mambo haya," alisema.

Mpiga picha aliitwa Bwana Shemdoe. Alikuwa na studio mjini Korogwe, mtu mnene, mfupi, mwenye leso ya kufutia jasho iliyokwisha kulowa kabla hajashuka kwenye Land Rover ya ofisi. Alishusha kamera kubwa, miguu yake mitatu, na kitambaa cheusi. Nilipoona kitambaa cheusi nikatulia. Ndiyo mambo yenyewe.

"Shikamoo, daktari," nikamwamkia.

"Marahaba," alijibu bila kunitazama. Alikuwa anatazama watu waliovaa nguo za Idi. "Hawa wanasubiri nini?"

Sijapata kuona mtu akipata tabu kama Bwana Shemdoe siku ile. Alitaka jengo tupu. Ofisi ilimtuma majengo na mashine, si watu. Alisimamisha kamera yake mbele ya jengo, akaingia chini ya kitambaa, na alipotoka akakuta watu wamejipanga mbele ya mlango, wazee wamekaa, watoto wamechuchumaa, Mama Asha anamfunga mtoto vifungo.

"Jamani, tokeni! Nataka jengo tupu!"

"Jengo tupu la nini?" mzee mmoja akamwuliza kwa upole. "Nani atajua ni la nani?"

Wakasogea. Akarudi kitambaani. Mtu akachungulia dirishani. Akapiga kelele. Wakasogea tena, na mara hii walijificha nyuma ya nguzo, kila nguzo ina bega na sikio. Alihama upande wa tangi la maji, wakamfuata. Alihama upande wa reli, akakuta vijana wameshakaa juu ya troli. Hawakuwa wanamfanyia utani. Walikuwa wanamsaidia. Katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kuona mtu akipoteza filamu kupiga ukuta, na walimhurumia kwamba atakwenda kugombezwa na wakubwa wake.

Ndani ilikuwa mbaya zaidi. "Nani amemwaga maji hapa?" aliuliza mlangoni. "Sakafu yote inawaka! Itaniharibia picha!"

"Tumeosha," Baba alisema.

"Nani aliwaambia muoshe? Na hii grisi? Mashine imesimama miaka, nyinyi mnaipaka mafuta kama bibi harusi!"

Baba alifuta mikono kwenye suruali yake safi. Nilimwona anafikiri kama ameambiwa asante au ametukanwa. Kisha akasema, "Ukitaka kuiona vizuri simama hapa. Hapa ndipo majani yanapoingilia." Na Bwana Shemdoe, kwa kuwa hakuwa na nguvu tena ya kubishana, akasimama pale.

Akaingia chini ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimejipenyeza hadi mbele, karibu na goti lake, nikisubiri aiambie mashine ivute pumzi. Hakuiambia. Nikaona niseme mimi, isije picha ikaharibika.

"Daktari, hujaiambia isipumue."

Watu wakacheka. Hata Mama alicheka pale mlangoni, na kicheko cha Mama kilikuwa kimeadimika. Bwana Shemdoe akatoa kichwa, nywele zimesimama. "Nini?"

"Kifua chake kina nini? Umeona doa?"

Wakazidi kucheka. Lakini mimi nilikuwa nauliza kweli, na ninyi mnajua mtoto aliyechekwa anavyong'ang'ania. Nikauliza kwa sauti kubwa zaidi, "Itapona lini?"

Kicheko kikakatika, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo wote walikuwa wamekuja nalo, wamelivalia nguo na kulichotea maji, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitoa mdomoni. Wote wakamtazama Bwana Shemdoe.

Nadhani ingekuwa siku nyingine angejibu kwa lugha ya ofisini. Lakini alikuwa amechoka, amelowa, na watu walimchosha tangu asubuhi. "Mtoto, hii haiponi," alisema. "Inapigwa picha ili wanunuzi wa vyuma chakavu waione. Kila ninachokipiga leo kitang'olewa. Hamkuambiwa?"

Maji yalikuwa bado yanadondoka mahali fulani kutoka kwenye mashine. Baba alikuwa ameshika kopo la grisi, akaliweka chini taratibu sana, kama kuna mtu amelala.

Mimi nilimtazama Mama. Nilitegemea aseme, si nilikwambia? Alikuwa na haki ya kusema hivyo kuliko mtu yeyote kambini. Alikuwa ameichukia mashine ile, aliitukana kwa Kiswahili na kwa Kizigua, alisema ni mke mwenza asiyezaa. Sasa ilikuwa zamu yake. Mama akaliegemeza jembe ukutani, akaja katikati ya ukumbi na miguu yake ya matope juu ya sakafu iliyooshwa.

"Bwana, wewe umefika hapa saa ngapi?" akamwuliza Shemdoe.

"Asubuhi, mama."

"Uliwakuta watu wameoga. Uliwaona. Ukawafukuza nguzo hii, ukawafukuza nguzo ile, kama kuku kwenye mpunga. Mdomo wa kuwaambia 'jamani, mnachovalia hakipo' uliuweka wapi?"

"Mama, mimi nimetumwa..."

"Najua umetumwa. Hata hawa walitumwa. Huyu," akamwonesha Baba kwa kidole bila kumtazama, "ametumwa hapa tangu hana ndevu, na hakuna aliyerudi kumwambia kazi imekwisha. Filamu yako imebaki?"

"Imebaki ya ukumbi huu tu. Ni ya ofisi."

"Basi ofisi itatuona." Na Mama akapanda kwenye mashine, kwenye ile sehemu ya majani kuingilia, akakaa juu ya grisi mpya na kanga yake. Akapanga mikono mapajani.

Shemdoe alimwomba ashuke. Alimwita dada, alimwita mama, alimwita mheshimiwa. Alisema atawaita polisi wa Korogwe, na dereva wake mwenyewe akacheka. Wakati anasema hayo Mama Asha alishakaa upande wa kulia wa Mama na mtoto wake mwenye vifungo. Wazee wakaja. Wale wa Vugiri wakaja. Mimi nilikaa miguuni pa Mama. Tulijaza mashine nzima kama ndege kwenye waya, na hakuna aliyetabasamu, kwa sababu hakukuwa na cha kutabasamia.

Jua lilikuwa limeshahama na ukumbi umeanza kuwa na giza. Shemdoe akasema hata angetaka, hakuna mwanga. Akavuta muda hivyo, akitazama saa yake. Kisha ghafla upande wa reli ukafunguka, mwanga mwingi ukaingia, ukatupiga usoni hadi tukafumba macho. Shemdoe akageuka, akatazama upande ule muda mrefu kidogo. Akatikisa kichwa. "Msipumue, basi," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. Akapiga.

Jumamosi yake tulihama. Mara hii Baba hakuifungua mizigo. Mkata tulipewa kiwanja chenye mawe, kama Mjomba Hoza alivyotabiri, na Mjomba alitukumbusha jambo hilo kila alipokuja kula. Baba alikuwa mkulima mbaya, mkulima wa kuudhi. Kwenye shamba la kijiji alifika kabla ya watu wote, akasimama peke yake na jembe, akikasirika kwamba watu wanakuja kazini wanavyotaka. Alimwomba mwenyekiti wa kijiji kitafutwe king'ora. Mwenyekiti alidhani anatania. Baba hakujua kutania.

Mama alianza kuuza mihogo ya kuchemsha kwenye mabasi yanayosimama barabarani Mkata. Siku moja mtu akatoa kichwa dirishani akamwita, "We mama! Si wewe uliyenikalia kwenye mashine?" Alikuwa Bwana Shemdoe, anakwenda Dar es Salaam. Alimwambia kwamba ofisi waliikataa picha ile, walimtukana, wakamrudisha kambini apige upya. Alikuta hakuna mtu hata mmoja, akapiga ukumbi mtupu bila tabu yoyote, akarudi zake. Mama akampa muhogo. Basi likaondoka. Alipopita tena, majira ya mvua, alishuka na bahasha, akampa.

Tuliitazama jioni ile nje ya nyumba. Tulionekana wote, wazi kabisa, kila kifungo cha mtoto wa Mama Asha, matope ya Mama, macho yangu yaliyofumba nusu. Kaka yangu, baba yake Rajabu, alikuwa bado mdogo, akawa anatutaja mmoja mmoja kwa kidole. Alipomaliza akaanza upya.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Tukatafuta. Mama akaisogeza picha karibu na moto wa jikoni, akaigeuza, akatafuta nyuma ya mabega ya watu. Baba hakuwemo. Watu wote wa kambi walikuwa juu ya mashine ile isipokuwa mtu aliyeitunza.

"Baba Zaina," Mama akaita. "Siku ile ulikwenda wapi?"

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. "Nilikuwepo."

"Mbona huonekani?"

"Giza lilikuwa limeingia. Nilikuwa nje, nimeliinua lile dirisha kubwa la bati la upande wa reli. Nguzo yake ililiwa na mchwa, halisimami bila mtu." Akaendelea kuchonga. "Ningeliachia, msingeonekana hata mmoja."

Mama aliishusha picha mapajani. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka. Miaka yote ile ya kufunga mizigo na kufunguliwa ilikuwa usoni pake, na nilijua kuna kitu kikubwa kinakuja.

"Hata siku ile," akasema. "Hata siku ile, mwanamume huyu alikuwa kazini!"

Akasonya, kuku wakakimbia. Kisha akaenda jikoni akampakulia yeye kwanza, na alipoiweka sahani mbele yake hakuiweka kwa kishindo.